Kufufua winchi ya injini iliyochakaa na kuitumia kwenye gereji ya nyumbani

Winchi ya injini iliyotumika huuzwa kwa bei ya kuvutia, na mara nyingi sababu ya bei hiyo ni jeki isiyoshika. Inapanda nusu, inashuka yenyewe, au inatapika oili kila inapobanwa na uzito. Mnunuzi anaipeleka jeki kwa fundi, sili zinabadilishwa, na jioni hiyo hiyo injini inaning'inia hewani huku watu wamesimama chini yake. Utaratibu huo naupinga kwa nguvu zote. Jeki ndiyo sehemu ya winchi inayolalamika mapema na kutengenezeka kwa gharama ndogo. Kinachoangusha injini bila taarifa ni chuma: tundu la pini lililopanuka, ufa uliofunikwa na rangi mpya, bolti ya geti iliyopachikwa mahali pa bolti halisi, gurudumu lililokwama. Kwa hiyo tunaanza na chuma, tunakuja kwenye jeki, tunapima kwa uzito unaojulikana, ndipo tunasogea kwenye gari.

Ujue mzigo unapita wapi

Winchi ya kawaida ya gereji ina miguu miwili mirefu inayoingia chini ya gari, nguzo iliyosimama nyuma, mkono unaopanda na kushuka juu ya nguzo kwa pini moja nene, na jeki ndefu ya haidroliki kati ya nguzo na mkono. Ndani ya mkono kuna kipande kinachovutwa nje, chenye matundu ya kukifungia kwenye urefu mbalimbali. Kwenye winchi ya tani 2, matundu hayo kwa kawaida huandikwa kilo 2,000, 1,500, 1,000 na 500. Wengi husoma maandishi makubwa ya tani 2 ubavuni na kuishia hapo. Tani hizo 2 ni pale mkono ukiwa mfupi kabisa, na mkono ukiwa mfupi hivyo ni nadra kuifikia injini. Kazi nyingi hufanyika kwenye tundu la nusu tani au la tani 1.

Hesabu yenyewe ni rahisi na inafaa kuijua. Tuseme kulabu iko sentimita 150 kutoka pini ya juu ya nguzo, na jeki inausukuma mkono ikiwa sentimita 25 kutoka pini hiyo. Injini ya kilo 300 inaidai jeki nguvu ya kilo 1,800, kwa sababu urefu wa upande wa mzigo ni mara 6 ya upande wa jeki. Ukiurudisha mkono ndani hadi sentimita 100, jeki inadaiwa kilo 1,200 tu. Ndiyo maana winchi ya tani 2 huja na jeki ya tani 8. Pini ya juu ya nguzo nayo haipumziki: katika mfano wa kwanza inavutwa kwa karibu kilo 1,500, mara 5 ya uzito wa injini. Ukikutana na pini iliyolika hapo, kumbuka tarakimu hiyo.

Injini zenyewe zina uzito gani? Injini ndogo ya petroli ya silinda 4 huwa karibu kilo 100, wakati mwingine chini au juu kidogo. Ya dizeli ya lita 2.5 hadi 3, kama za Hilux na Hiace za zamani, hupita kilo 200. Ile ya dizeli ya silinda 6 ya lita 4.2 ya Land Cruiser hupita kilo 300, na ukiitoa pamoja na giaboksi yake unapaswa kuhesabu zaidi ya kilo 400. Ukiwa huna uhakika, chukua kadirio la juu.

Chuma

Fungua winchi yote, kipande kwa kipande, na uioshe kwa maji na sabuni kisha kwa mafuta ya taa. Usikague winchi yenye grisi na vumbi, kwa sababu uchafu huziba nyufa. Kama imepakwa rangi mpya kabla ya kuuzwa, ikague kwa wasiwasi zaidi, na kwangura rangi yote kwenye maungio kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane.

Sehemu za kutazama kwanza ni pale nguzo inapokutana na kitako, vipande vya pembetatu vinavyoiimarisha, masikio yanayoshika pini za jeki juu na chini, na ncha ya mkono ilipo kulabu. Nyufa hupenda kuanzia pembeni ya mshono wa welding, si katikati yake. Kuna jaribio la mafuta ya taa na chaki ambalo halina gharama. Paka mafuta ya taa juu ya mshono uliosafishwa, subiri dakika 20, futa hadi pakauke kabisa, kisha sugua chaki nyeupe juu yake. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda taratibu na kuchora mstari wenye unyevu kwenye chaki. Rudia mara mbili kwenye kila mshono unaobeba mzigo.

Kwa walio Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Unguja na popote hewa ya chumvi inapofika, adui mwingine yuko ndani ya bomba. Miguu na nguzo ni mabomba ya mraba, maji huingia kwa juu na kukaa chini, na kutu hula kutoka ndani huku nje pakionekana pazima. Gonga kwa nyundo ndogo kuanzia juu hadi chini. Chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa sauti iliyokufa au hubonyea. Bomba lililobonyea kwa nyundo ndogo halistahili kuwekewa kiraka, na kama bomba hilo ni nguzo au mkono, winchi hiyo ni skrepa. Itoe jeki na magurudumu uyatumie kwingine.

Kama ni kimguu kimoja kilicholiwa, au ufa mmoja kwenye mshono, kazi inafanyika, ila kwa fundi welding anayejua kuchomelea vyuma vya kubeba mzigo. Mwambie akate ufa kwa grainda hadi mwisho wake, atoboe tundu dogo kwenye kila ncha ili usiendelee kutambaa, afungue mfereji wa V, kisha ajaze kwa vijiti vya 7018 vilivyo vikavu. Vijiti vilivyolala wazi kwenye banda msimu wa mvua vimenyonya unyevu, na mshono wake utakuja kupasuka upya. Kupitisha welding juu ya ufa bila kuukata ni kuuficha tu. Mkono uliopinda usiunyooshe kwa moto. Ubadilishe.

Sasa matundu na pini. Pitisha pini au bolti kwenye tundu lake na uitikise. Tundu likishakuwa na umbo la yai, mzigo unakaa kwenye ncha badala ya duara zima, na kila unapoinua linazidi kupanuka. Kucheza kidogo tu ni kawaida. Ikipita milimita 1 hivi, mpe fundi mashine alitoboe tundu hadi saizi ya bolti inayofuata kwa unene, au achomelee bushi ya chuma kila upande. Bolti ziwe na namba 8.8 au zaidi kichwani, na urefu wake uchaguliwe ili sehemu laini, isiyo na nyuzi, ndiyo ikae ndani ya tundu. Nyuzi zikikaa ndani ya tundu, hapo ndipo bolti inapokatikia. Nati ziwe za kujifunga zenye nailoni, au uweke pini ya kukunja. Kipande cha nondo kilichokatwa na kupachikwa badala ya pini hakikubaliki hata kwa siku moja.

Magurudumu yasikuchukulie muda mwingi. Yale yenye sehemu bapa, mpira uliopasuka au beringi inayokwaruza yabadilishwe, na kila moja liandikwe uzito linaobeba. Jumla ya magurudumu manne izidi uzito wa mzigo na winchi kwa mbali, kwa sababu kwenye sakafu isiyo sawa mawili yanaweza kubeba karibu wote. Ya chuma au plastiki ngumu ndiyo bora.

Jeki: itambue kasoro kabla ya kuifungua

Jeki ikiwa peke yake, funga vali ya kushushia, isimamishe wima na upampu. Namna inavyokataa itakuambia tatizo liko wapi. Ikipanda vizuri kisha ikashuka taratibu bila oili kuonekana nje, oili inarudi kwa ndani: ama vali ya kushushia haifungi, ama sili ya pistoni imekwisha, ama kigololi cha vali hakikai. Mpini ukipanda wenyewe baada ya kuukandamiza, kigololi cha njia ya kutokea kinavuja, kwa hiyo shinikizo linarudi kwenye pampu. Mpini ukishuka kwa wepesi bila jeki kupanda, tazama kigololi cha njia ya kuingilia, sili ya pampu, au oili pungufu. Jeki ikiruka ruka kama inapumua, ina hewa. Oili ikitiririka juu kwenye shina la pistoni, sili ya shingoni imechoka.

Kabla ya kuvunja chochote, jaza oili, toa hewa na ujaribu tena. Jeki nyingi zinazoitwa mbovu zina njaa ya oili tu.

Ikibidi kufungua, tandaza kitambaa cheupe safi mezani, piga picha kila hatua kwa simu, na ufuate mpangilio huu.

1. Fungua vali ya kushushia, sukuma pistoni hadi chini, chomoa kizibo cha mpira ubavuni na umwage oili yote. Ikimwagika nyeusi au yenye punje za chuma, jiandae kukuta mikwaruzo ndani.

2. Bana kitako kwenye jiliwa imara. Fungua nati kubwa ya shingoni kwa spana ya bomba. Ikigoma, pasha joto kidogo kwa nje baada ya oili kutoka yote, au igonge kuizunguka kwa nyundo ya shaba. Usibane shina la pistoni kwa meno ya spana kamwe, kwa sababu kila alama itakuwa wembe wa kukata sili mpya.

3. Vuta pistoni, kisha bomba la nje ambalo ndilo tangi la oili, kisha silinda ya ndani. Fungua pampu na uitoe sili yake.

4. Toa skrubu ya vali ya kushushia pole pole huku ukikinga kwa mkono. Chini yake kuna kigololi. Vitoe vigololi vyote kwa sumaku na uandike kila kimoja kimetoka tundu gani, maana saizi zake hutofautiana.

5. Kuna skrubu moja zaidi, kwa kawaida iliyofunikwa kwa kofia au kuzibwa kwa rangi, ambayo huzuia jeki kubeba kupita uwezo wake. Hiyo usiiguse. Mtu aliyeikaza ili jeki "ipate nguvu" ameondoa kinga pekee iliyokuwa inailinda pini na mkono.

Osha kila kitu kwa dizeli safi, pitisha hewa kwenye matundu yote na ukaushe. Shina la pistoni litazame kwenye mwanga wa jua. Kutu nyepesi huondoka kwa msasa wa maji namba 1000 ukimalizia na 2000, ukisugua kwa kuzunguka, si kwa urefu. Vishimo vinavyokwama kwenye ukucha ni habari nyingine: sili mpya itakufa ndani ya muda mfupi, na hapo kununua jeki mpya peke yake ni nafuu kuliko kupaka chrome upya.

Sili za zamani zipeleke zote dukani, hata zilizokatika. Katika maduka ya sili na beringi, iwe Gerezani na Kariakoo kwa wa Dar es Salaam au Kirinyaga Road kwa wa Nairobi, muuzaji atapima kipenyo cha ndani, cha nje na unene. Pima mwenyewe pia shina na silinda, kwa sababu sili iliyozeeka huvimba au kusinyaa na kudanganya kipimo. Omba mpira wa nitrili au poliyurethani. Oringi ya bomba la maji haifai.

Kurudisha ni kinyume cha kufungua, lakini mambo mawili huharibu kazi nzima. La kwanza ni upande wa sili yenye mdomo: mdomo hutazama oili inakotoka, ili shinikizo liufungue na kuubana ukutani. Ukigeuza, jeki haitainua hata kitako chake. La pili ni kiti cha kigololi. Weka kigololi kwenye kiti chake, weka kijiti cha shaba juu yake na ugonge mara moja kwa wepesi, kiti kipate alama ya duara kamili, kisha weka kigololi kipya. Gonga kwa upole. Paka kila sili oili kabla ya kuipitisha, na kama inapita kwenye nyuzi, zifunike kwa plastiki nyembamba.

Oili ni ya haidroliki, ISO VG 32 au ile inayouzwa kwa jina la oili ya jeki. Oili ya breki huvimbisha sili za nitrili na kuziua. Oili ya injini ni nzito na hupenda kufanya povu. Jeki ikiwa wima na pistoni ikiwa chini kabisa, jaza hadi usawa wa tundu la kizibo. Usijaze pistoni ikiwa juu, maana ikishuka oili haitakuwa na pa kwenda.

Kutoa hewa: fungua vali ya kushushia, pampu haraka mara 15 hivi, funga, pandisha hadi juu, fungua, sukuma chini, kisha legeza kizibo hewa itoke. Rudia hadi mpini uwe mgumu tangu mwanzo wa kila pampu. Unapoifunga kwenye winchi, pampu ikae upande wa chini wa jeki iliyoinama, la sivyo mdomo wake wa kufyonza utakuwa hewani na utahangaika kutafuta ugonjwa usiokuwepo.

Kulabu na cheni

Hapa hakuna ukarabati. Kulabu iliyofunguka mdomo, iliyopinda upande au isiyo na ulimi wa usalama hutupwa. Cheni ya kuinulia huwa na alama ya daraja, kwa kawaida 8 au 80, kwenye viungo vyake. Cheni ya kufungia geti haina alama hiyo na haina mahali kwenye winchi. Kiungo kilicholika sehemu moja ya kumi ya unene wake, kilichovutika kikarefuka au chenye ufa kinaiondoa cheni nzima. Usichomelee cheni, usiifupishe kwa kuipiga fundo, na usiunganishe viungo kwa bolti.

Pima kabla ya kuamini

Ukimaliza, jaribu winchi kwa mzigo ambao ukianguka utapoteza mfuko wa saruji na si mguu. Mfuko wa saruji ni kilo 50, kwa hiyo 10 ni nusu tani. Kama huna saruji, pipa la lita 200 likijazwa maji lina kilo 200 za maji pamoja na uzito wa pipa lenyewe. Panga mzigo kwenye paleti imara, ufunge kwa mikanda ya kuinulia.

Anza na robo ya uwezo wa tundu unalotumia. Inua sentimita 10 tu kutoka sakafuni. Zunguka winchi ukitazama pini na mishono, ukisikiliza. Mlio wa kupasuka au rangi inayochanika kwenye mshono ni amri ya kushusha. Panda hadi nusu, kisha uzito kamili wa tundu hilo, na si zaidi. Mzigo ukiwa juu, pima kwa futi umbali kutoka sakafu hadi paleti, acha nusu saa, pima tena. Milimita chache si tatizo kwa kazi hii. Sentimita 1 ni tatizo, rudi kwenye jeki.

Pia dondosha timazi kutoka kwenye kulabu mkono ukiwa umevutwa mwisho na kulala sambamba na sakafu. Ncha yake iangukie ndani ya magurudumu ya mbele. Ikitoka nje yake, mtu aliyetangulia ameongeza urefu wa mkono, na winchi hiyo itapinduka.

Sakafu na gari

Gereji nyingi za nyumbani ni uwanja wa pevingi, kifusi au mchanga. Magurudumu madogo yenye kilo 400 juu yake huzama. Tandika mbao nene za plaiwudi za milimita 18, mbili mbili, zikifuata njia ya miguu, au bamba la chuma. Mteremko mdogo usioonekana kwa macho unatosha kuifanya winchi itembee yenyewe, kwa hiyo weka pima maji sakafuni kwanza. Mwembe na cheni bloku vimeinua injini nyingi Afrika Mashariki, lakini tawi halina namba ya uwezo, na uimara wake hubadilika likikauka au kuliwa na mchwa. Ukiwa na winchi iliyopimwa, acha mti.

Zuia matairi ya nyuma kwa kabari. Ondoa betri (kwa injini ya petroli ya sindano, baada tu ya kuizima kama ilivyoelezwa hapa chini). Ondoa boneti baada ya kuchora kwa kalamu mahali bawaba zilipokaa. Kwa injini ya petroli ya sindano, chomoa rilei au fyuzi ya pampu ya mafuta injini ikiwa inaunguruma, izime yenyewe, ndipo ufungue mpira wa mafuta. Maji ya rejeta yenye kizuia kuganda kinga kwenye beseni na uyafunike mara moja: ni matamu, mbwa huyanywa na huwaua. Gesi ya AC usiifungue. Fungua kompresa kutoka kwenye injini na uifunge pembeni kwa kamba ikiwa na mipira yake.

Kila waya na kila mpira ubandike karatasi yenye namba pande zote mbili. Bolti zikae kwenye vikopo kulingana na sehemu zilikotoka. Kisha ekzosi, shafti, nyaya za klachi au gia. Gari la otomatiki likiachiwa giaboksi ndani, fungua kwanza bolti zinazounga toki konveta (ngoma ya oili inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi) na bamba la flaiwili, toki konveta ibaki imekaa kwenye giaboksi. Giaboksi inayobaki ishikwe kwa jeki na kipande cha mbao chini yake.

Kuifunga na kuiinua

Injini nyingi zina masikio ya chuma ya kuinulia, moja mbele upande mmoja na jingine nyuma upande wa pili. Yatumie. Kama yameondolewa, tumia matundu ya bolti ya M10 au M12 kwenye silinda hedi au bloku, na bolti izame angalau mara moja na nusu ya unene wake, kwenye aluminiamu mara mbili. Usiinue kwa manifoldi, kava la juu wala bomba la maji.

Pembe ya cheni inawadanganya wengi. Cheni mbili zikisimama nyuzi 60 kutoka usawa wa sakafu, kila moja inabeba karibu asilimia 58 ya uzito. Zikilala hadi nyuzi 30, kila moja inabeba uzito wote, na bolti zinavutwa kwa ubavu. Kwa hiyo usikaze cheni fupi ili kupata kimo. Ukiwa na kisawazisha, ile fremu yenye skrubu ndefu inayosogeza kulabu mbele na nyuma, utaweza kuinamisha injini yenye giaboksi ndefu itoke bila kugonga ukuta wa ndani. Nadhani ndicho kifaa cha kwanza cha kununua baada ya winchi yenyewe.

Muwe wawili. Mmoja anapampu na hatazami kingine ila mpini na cheni. Wa pili anatazama injini na ndiye anayetoa amri, na neno "simama" linatiiwa akilisema yeyote. Pampu hadi cheni ikaze, kisha fungua bolti za mauntingi, yaani vishikio vya injini kwenye gari. Inua sentimita 2 au 3, simama, zunguka gari lote. Karibu kila mara kuna waya wa earth au mpira mmoja uliosahaulika nyuma ya bloku. Injini ikigoma, usiongeze pampu: kuna kitu kimeshika, na winchi ina nguvu za kukipasua.

Mkono wala mguu usiingie chini ya injini wala kati yake na bodi. Ikihitaji kusukumwa, isukume kwa kipande cha mbao.

Injini ikishavuka paneli ya mbele, usisukume winchi ikiwa na mzigo juu. Toa kabari, ulisukume gari lirudi nyuma, winchi ibaki palepale. Gari likitoka tu, shusha injini hadi sentimita 10 au 15 kutoka sakafuni, ndipo uihamishe winchi, pole pole, ukisukuma kwa chini na si kwa kuvuta mkono wake. Vali ya kushushia ifunguliwe kwa robo ya mzunguko au pungufu, kidogo kidogo. Ukiifungua kwa ghafla na kuifunga kwa ghafla, mshtuko unaozaliwa ni mkubwa kuliko uzito wa injini.

Ilaze juu ya tairi kuukuu au fremu ya mbao, au ifunge kwenye stendi ya injini. Kama ni stendi, nyuma ya bloku lazima iwe wazi, kwa hiyo flaiwili na klachi vitoke kwanza injini ikiwa imekaa chini. Injini isilale ikining'inia usiku. Jeki hata mpya si stendi.

Kurudisha injini kunahitaji subira zaidi kuliko kuitoa, maana giaboksi na bloku lazima vikutane sambamba. Pini za kuongozea ziingie, nafasi ifungwe kwa mkono, bolti zifuate. Ukivuta giaboksi kwa kukaza bolti, utavunja sikio la aluminiamu au pampu ya oili ya giaboksi ya otomatiki. Mauntingi ziingizwe zote kabla ya kukaza yoyote, na cheni isilegezwe hadi bolti zote ziwe zimeshika.

Baada ya kazi, shusha pistoni yote ndani ya silinda ili shina lisikutane na hewa, legeza vali, futa kila kiungo kwa tambara lenye oili. Pini zipate grisi. Pwani, rudia ufutaji huo kila mwezi hata kama winchi haijatumika, na ubadilishe oili ya jeki mara moja kwa mwaka. Jaribio la chaki kwenye mishono lifanyike kabla ya kila injini nzito, na mtu akija kuiazima, mpe pamoja na maelezo ya tundu analoruhusiwa kutumia.